Kinyonga na Nafasi ya Asiyeonekana

Paukwa!

— Pakawa!

Kisa kiko?

— Kiko!

Kimelala?

— Kiamshe!

Haya, nakiamsha. Nanyi mlioko nyuma, acheni kutafuna mahindi masikioni mwangu.

Hapo zamani, si zamani sana, maana sinema zilikwisha fika, Bwana Korongo aliingia mbugani na mashine ya kupigia picha begani. Akatangaza kwamba anatengeneza sinema ya majini na mazimwi, jina lake Milki ya Mawingu, na kwamba haitakuwa moja. Itakuja ya kwanza, itakuja ya pili, itakuja ya tatu, mpaka mazimwi wenyewe wachoke. Wanyama wakafurika kwenda kujaribiwa. Tifu, tifu, tifu! Vumbi juu.

Bi Kinyonga naye akaenda. Nyata, sita. Nyata, sita. Alifika wenzake wamekwisha anza kurudi.

Katika sinema ya kwanza palitakiwa jini wa mtini. Bi Kinyonga akapanda, akaigiza, na Korongo akapiga mabawa kwa furaha. "Nimempata!" Mara Kiboko akatoka bwawani, pwaa! Akafungua kinywa, kwaa!

"Bwawa hili la nani?"

"Lako, Bwana Kiboko."

"Maji mnayokunywa ya nani?"

"Yako, Bwana Kiboko."

"Basi jini wa mtini ni nani?"

Korongo akayatazama yale meno, akameza mate. "Ni wewe, Bwana Kiboko."

Kiboko akapanda mtini. Mti ukavunjika, krrraa! Sinema ikaendelea.

Katika sinema ya pili palitakiwa askari wa mikuki, binti wa mfalme na bibi harusi wa jini. Nungunungu akajaribiwa uaskari, na mikuki alikuja nayo mgongoni. Kanga akajaribiwa ubinti, gauni la madoadoa keshavaa. Bi Kinyonga akajaribiwa ubibi harusi, akageuka rangi ya aibu vizuri mno. Korongo akasema, "Nimewapata!" Pwaa! Kwaa! Bwawa la nani? Maji ya nani? Kiboko akawa askari, akawa binti wa mfalme, akawa bibi harusi, na kwa kuwa hapakuwa na wa kumzuia akawa bwana harusi pia. Akajioa mwenyewe, akajipigia vigelegele.

Jioni waliokosa walikutana nyuma ya kichuguu, wakaimba wimbo wao:

*Nusura nipate, nusura nipate,*
*Nusura haivaliki,*
*Nusura haipikiki!*

"Mimi nilikwisha waaga na watoto," alisema Nungunungu. "Nikawaambia baba yenu sasa ni mtu wa sinema. Leo nawaangalia vipi?"

"Na mimi gauni nililivua?" alisema Kanga. "Sikulivua. Nalala nalo."

Na hapa sikilizeni, maana hapa ndipo kisa kilipo. Wenzake walitaka sifa. Bi Kinyonga alitaka jingine.

Wenyewe husema kinyonga akizaa hufa. Akitoa mtoto, naye anaondoka. Kwa hiyo hakuna kinyonga aliyepata kumwona mama yake, na Bi Kinyonga alikuwa hivyo hivyo. Alijua mambo mawili tu juu ya mama yake. Moja, kwamba hakuwako. La pili aliambiwa na jirani yake, Bibi Kobe: "Wewe na marehemu mama yako ni shilingi kwa ya pili. Ukiingia mlangoni, moyo wangu unashtuka."

Maneno hayo yalimkaa Bi Kinyonga kifuani. Akajiangalia majini, maji yakatikisika. Akajiangalia tena, akawa amekwisha geuka rangi ya maji, hapana kitu. Akawaza: kama sura yangu ni sura ya mama, basi siku nikionyeshwa juu ya lile shuka jeupe la sinema, mimi nikae chini nitazame, nitakuwa nimemwona. Mara moja tu. Sitaki zaidi. Alitamani kumwona mama yake hivyo, na hamu hiyo haikumpa usingizi.

Sasa Korongo akatangaza sinema ya tatu. Ndani yake yumo Mama Malkia, aliyepotea katika mawingu, anarudi siku moja kumtazama mwanawe kisha anaondoka. Bi Kinyonga akasikia. Akaenda, akaigiza. Korongo akatoa chozi. "Nimem..."

Pwaa! Kwaa!

Mnajua kilichofuata. Kiboko akawa Mama Malkia, na taji akaagiza la kipimo cha kichwa chake.

Kesho yake asubuhi Bi Kinyonga alikwenda bwawani. Nyata, sita. Nyata, sita.

"Hodi, Bwana Kiboko!"

"Nani huyo? Sikuoni."

"Ni mimi, Kinyonga, hapa kwenye tete. Nimekuja kukupa pole."

"Pole ya nini? Mimi ni Mama Malkia!"

"Ndiyo maana, bwana. Nafasi ndogo kama ile, kwa mkubwa kama wewe! Na ile kubwa nasikia anapewa Fisi."

Kiboko akasimamisha masikio. "Kubwa ipi?"

"Ya Asiyeonekana."

"Huyo ni nani?"

"Ah, bwana! Mama Malkia anakuja mara moja anaondoka. Asiyeonekana anatajwa toka mwanzo mpaka mwisho. Upepo ukivuma, ni Asiyeonekana. Radi ikipiga, ni Asiyeonekana. Mazimwi wenyewe wakisikia jina lake wanajikojolea."

"Na anaonekana mara ngapi?"

"Haonekani kabisa. Ndio ukubwa wenyewe! Sisi wadogo ndio tunaohitaji kuonekana ili tujulikane tuko."

Kiboko akafikiri. Kufikiri kwake kulitoa mapovu, bub, bub, bub. "Nitaichukua. Nitachukua na Mama Malkia pia."

"Chukua, bwana, nani atakukataza? Ila ukionekana kwenye Mama Malkia, utakuwa Asiyeonekana anayeonekana. Watu watacheka. Nafasi hii haitaki kuchanganywa na nyingine hata moja. Fisi amekwisha ziacha zake zote."

"Fisi!" akanguruma Kiboko. Akatoka mbio mpaka kwa Korongo, Kinyonga kamdandia mgongoni. "Naacha yote! Nataka Asiyeonekana!"

Korongo akashangaa. Asiyeonekana? Hakuwahi kumtunga mtu wa namna hiyo. Akageuka, akaliona jicho moja la Kinyonga juu ya tawi linamtazama yeye, na jingine linamtazama Kiboko, na lile linalomtazama yeye likafumba, likafumbua. Korongo hakuwa mjinga.

"Ile nafasi ni nzito, Bwana Kiboko," akasema polepole. "Sijui kama utaiweza."

"Nitaiweza!"

"Basi ingia majini."

Chubwi! Kiboko akazama.

"Bado, bwana! Mgongo unaonekana!"

Chubwi!

"Bado, bwana! Masikio!"

Chubwi! Maji yakatulia.

Huko juu, kazi ikafanyika. Nungunungu akapata uaskari wake, akaita watoto waje watazame. Kanga akapata ubinti wa mfalme, gauni likapata kazi. Na Bi Kinyonga akatoka katika moshi wa majani mabichi, ndio mawingu yenyewe hayo. Nyata, sita. Nyata, sita. Mwendo aliochekwa nao maisha yake yote, siku ile Korongo aliusifu: "Mama anayetoka huko hana haraka." Akamfikia Kanga, akamshika uso. "Nimekuja, mwanangu," akasema. "Kumbe umekua." Rangi yake haikubadilika hata kidogo. Krrr, krrr, krrr, mashine ikanywa yote.

Siku ya kuonyeshwa sinema, shuka jeupe lilifungwa kati ya miti miwili kando ya bwawa. Giza lilipoingia tu, mbuga nzima ilikaa chini. Bi Kinyonga alikaa mbele kabisa, Bibi Kobe ubavuni pake. Kiboko alikuwa majini, anasikiliza. Radi ilipopiga kwenye shuka, wanyama walipiga kelele, "Asiyeonekana!" Naye huko chini akatoa mapovu ya raha.

Kisha mawingu yakafunguka, na Mama Malkia akatoka.

Macho ya Bi Kinyonga, ambayo tangu kuzaliwa hayajapata kutazama upande mmoja, yote mawili yakatazama mbele. Mama alikuwa mdogo. Mama alikuwa mzuri. Mama alitembea kama yeye.

"Ndiye," alinong'ona Bibi Kobe. "Ndiye huyo, mwanangu."

Bi Kinyonga akasimama. Akasahau sinema, akasahau watu, akasema kwa sauti:

"Shikamoo, mama."

Mashine krrr, krrr. Yule mama juu ya shuka akaanza kugeuka arudi mawinguni, na picha haijui kuitikia salamu. Bi Kinyonga akabaki amesimama. Mnajua shikamoo isiyoitikiwa inavyokaa hewani.

Sasa Kiboko huko majini alikuwa na siku nzima hana neno hata moja la kusema. Akasikia salamu imetolewa, na hakuna aliyeichukua. Na yeye haachi kitu kikapita. Pwaa! Kichwa juu, kwaa!

"MARAHABAAA!"

Mbuga ikaangua kicheko. Nungunungu akalalia mikuki yake kwa kucheka. "Ameonekana! Asiyeonekana ameonekana!" Lakini Bi Kinyonga hakucheka. Alilitazama shuka mpaka mama akaishia mawinguni, akakaa chini, akajifuta macho, moja baada ya jingine.

"Nyamazeni," aliwaambia. "Ameitikia."

Hadithi imefika nyumbani kwake. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni, nitailamba mwenyewe.

Eti nini? Fundisho? Lipo. Msiwe walafi, watoto wangu. Lakini mkiwa na jirani mlafi, mtunzeni, hamjui mtamhitaji lini. Na uongo ni mbaya sana. Kinyonga alisema uongo, na oneni yaliyompata: alimwona mama yake.