Ukili wa Sikujua

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo sauti ya watu walioshiba. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Sogeeni, msikanyagane.

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji, na kijijini hapo palikuwa na bikizee akiitwa Bi Mashavu. Mimi sikumdiriki. Bibi yangu alimdiriki, na kila akimtaja alicheka kwanza, kisha akajifuta macho. Bi Mashavu alikuwa na jino moja, na hilo moja alikatia miyaa, yale majani ya kusukia mikeka. Aligombana na mbuzi wake kutwa kucha, lakini mtoto hakupita mlangoni kwake akaondoka mkono mtupu.

Kazi yake ilikuwa kushona jamvi la chuo, pale watoto wanaposomea Kurani. Chuoni walikuwa na desturi: kila mwaka, mpunga ukishavunwa, kila mtoto husuka ukili wake mmoja, ule mkanda wa miyaa. Bi Mashavu huchukua shazia, ile sindano kubwa, akaunga ukili kwa ukili, chwi! chwi! chwi! mpaka ukawa jamvi. Siku ya karamu jamvi hutandikwa mbele ya wazazi, kila mtoto akakaa juu ya ukili wake na kusoma. Asiyekaa siku hiyo, basi tena, chuo hana.

Mwaka mmoja akaja msichana wa mikia miwili ya nywele, ukili mkononi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Bibi, usinishone karibu na Sikujua."

"Kwa nini?"

"Wenzangu hawataki."

Akaenda zake. Akaja wa pili. "Bibi, usinishone karibu na Sikujua." Kwa nini? "Wenzangu hawataki." Akaja wa tatu, wa nne, mpaka wa kumi. Wenzangu hawataki, wenzangu hawataki!

"Makubwa haya," Bi Mashavu akamwambia mbuzi. "Kila mmoja anasema wenzake. Hao wenzake ni akina nani, kama si wao kwa wao?"

Huyo Sikujua alikuwa binti mwenye kigugumizi. Akitaka kusema "kitabu", ilikuwa ki-ki-ki, na wenzake wakadakia, "Ki-ki-ki! Ki-ki-ki!" kisha kwa! kwa! kwa! wakacheka. Kwenye sinia la chakula walimsukuma kwa viwiko. Wala hakuweza kusema, maana Mwalimu Shomvi alikuwa na sheria yake: anayemshtaki mwenzake anachapwa yeye, watoto wasije wakawa wachongezi. Alidhani anawalea, masikini, kumbe anawafunga midomo.

Basi kila asubuhi Sikujua tumbo linamuuma. Baba yake akachoka. Akasema, "Asipokaa kwenye jamvi mwaka huu, nampeleka bondeni kwa mjomba wake, akaamie ndege wasile mpunga." Na Sikujua alikipenda chuo, jamani! Alikipenda kuliko halua.

Bi Mashavu akauliza huku, akauliza kule, nani kaanza? Wote wakamtaja Makungu, kijana mwenye mabega. Akamwita. Makungu akaja, anatafuta kwa macho bakora iko wapi. Akapewa bakuli la uji.

"Kunywa. Sikujua kakukosea nini?"

"Hajanikosea."

"Basi?"

Makungu akaweka bakuli chini.

"Mwaka juzi nilikuwa nakojoa kitandani, Bibi. Wakajua. Wakaniimba Kikojozi mpaka kisimani. Sikujua alipoingia chuoni nikamwanza yeye, na wao wakamfuata, mimi wakaniacha. Nikiacha, watanirudia."

Loo! Mnasikia? Mtoto wa watu alikuwa na hofu tumboni, akaenda kumtwika mwenzake.

"Pole, mwanangu," Bi Mashavu akasema, na alikuwa anamaanisha. "Walipokuwa wanakuimba, ulitaka nini?"

"Mmoja tu akae na mimi."

"Sikujua naye anataka huyo mmoja. Uliumia, lakini yeye hakukuumiza. Jamvi nitalishona lote, nitabakisha ukili wako na wake. Ukitaka kuushona karibu na wake, shazia nitakupa. Sikulazimishi."

Kabla Makungu hajaamua, Bi Mashavu akaenda kwa Sikujua. "Makungu akija, utakubali?"

Sikujua akaanza kujibu. Bi Mashavu akangoja, hakummalizia hata neno.

"A-a-aje. La-lakini a-a-aombe radhi kwanza."

Kutoka hapo moja kwa moja kwa Mwalimu Shomvi.

"Mwalimu, mtoto akilia kaumwa na nge, utamchapa kwa kumchongea nge?"

Mwalimu akakuna ndevu. "Hapana," akasema. Siku hiyo hiyo sheria yake ikafutwa.

Makungu akaenda kwa Sikujua, jasho linamtoka. "Nimekukosea. Nisamehe."

"Ni-nimesikia," Sikujua akasema. Hakusema zaidi, na alikuwa na haki yake. Wakakaa kwa Bi Mashavu wakashona, chwi... chwi... Mshono ulikwenda upogo vibaya sana! Bibi jino likamwasha kutaka kusema, akajizuia.

Siku ya karamu jamvi likatandikwa. Wazazi wamejaa, pilau linanukia. Sikujua akakaa, na Makungu kando yake. Zamu yake ikafika.

"Bi-bi-bi..."

Nyuma mtu akadakia, "Ki-ki-ki!" Macho yote yakamgeukia Makungu, yanangoja kicheko chake.

Makungu akasema, "Mwacheni. Anasoma."

"Kikojozi!" yule wa nyuma akasema.

Makungu akainama, uso unawaka. Lakini hakuondoka pale alipokaa. Mara msichana wa mikia miwili akageuka. "Hebu nyamaza na wewe!" Na mwingine, "Nyamaza!" Kicheko kikakosa wa kukiitikia, kikamfia mwenyewe mdomoni.

Wakangoja. Mwalimu akangoja, wazazi wakangoja, pilau likapoa. Sikujua akasoma aya yake kwa kigugumizi kile kile, pole pole, mpaka herufi ya mwisho. Baba yake akasimama, akampakulia pilau kwa mkono wake mwenyewe. Na mambo ya ndege wa bondeni hakuyataja mpaka anaingia kaburini.

Kigugumizi hakikumtoka, asije mtu akawadanganya. Kilichotoka ni lile tumbo la asubuhi.

Basi, wajukuu zangu, mwenye kumdhihaki mwenzake nguvu si zake, anapewa na wale wanaomwitikia. Usiitikie. Na ukionewa, sema. Kusema umeumizwa si uchongezi.

Hadithi yangu nimeipiga fundo hapo. Aliyeipenda aende nayo kwao.