Mirathi Iliyotuliwa Njiani

Mzigo wa marehemu hautuliwi njiani. Ndivyo babu yenu mdogo alivyomjibu shangazi yenu kikaoni leo asubuhi, alipopendekezwa kuwa msimamizi wa mirathi akasema mambo hayo yangoje kwanza majonzi yapoe. Niliwaona mkitazamana, kwa kuwa shangazi yenu si mtu wa kunyamazishwa kwa neno moja, naye alinyamaza. Sasa mnataka kujua maneno hayo yalikotoka. Yalitoka katika ukoo huu huu, nami nitawasimulia kama nilivyosimuliwa.

Alikuwapo mzee Wendelini Kinunda, mkulima wa kahawa na mgane wa miaka mingi. Binti yake wa kwanza, Gaudensia, aliolewa na Meinradi Hyera katika kijiji cha jirani. Otmari, wa pili, alikuwa amejenga kwake ng'ambo ya kijito. Kitinda mimba, Bertila, hakuolewa. Alibaki na baba yake na kumuuguza mpaka siku ya mwisho.

Siku ya maziko mvua ilinyesha, na njia ya makaburini ilikuwa utelezi mtupu. Desturi yetu mnaijua: jeneza likishainuliwa, wabebaji hupokezana mabega, lakini haligusi ardhi mpaka kaburini. Mtani wa ukoo, mzee Kolumba, alijilaza katikati ya njia kama watani wafanyavyo, akapiga kelele, "Tueni bwana, mpumzike! Huyu alikuwa mzito tangu enzi za ugali wake. Marehemu hana haraka!" Watu walicheka huku wakilia. Mbele kidogo Otmari aliteleza akapiga goti kwenye tope, lakini bega lake halikushuka. Jeneza halikutuliwa.

Baada ya matanga, ukoo ulikaa kikao. Mirathi yenyewe ilikuwa nyepesi: nyumba ya matofali mabichi na shamba la mibuni. Hapakuwa na mke wa pili, wala deni, wala mtoto wa kushtukiza. Waliafikiana kabla chai haijapoa kwamba nyumba iwe ya Bertila, na mibuni igawanywe kati ya Otmari na Gaudensia. Gaudensia akapendekezwa kuwa msimamizi wa mirathi.

"Tafuta wakili," jirani mmoja alimshauri.

"Wakili wa nini? Wakili ni wa wanaogombana," alijibu. "Sisi hatugombani."

Na kweli hakumhitaji. Alichukua cheti cha kifo na muhtasari wa kikao, akaenda Mahakama ya Mwanzo, akajaza fomu kwa mkono wake. Tangazo lilibandikwa, muda wake ukapita bila mtu kuweka pingamizi, naye akaapishwa. Kijijini wakaanza kumwita "wakili asiye na joho", jina ambalo halikumchukiza hata kidogo. Alipokuwa anaondoka mahakamani, karani alimwambia, "Mama, usimamizi si umiliki. Umekabidhiwa ili ukabidhi. Ukishagawa, urudi utoe taarifa, jalada lifungwe."

Kilichobaki kilikuwa kazi ya asubuhi moja. Ilimpasa awaite wazee, waoneshane mpaka wa mibuni, ampe Bertila ufunguo mbele yao, kisha arudi kwa karani. Asubuhi hiyo Gaudensia hakuipanga.

Msidhani alikuwa na tamaa. Hakuchuma buni hata moja isiyo yake. Kila Jumapili alikwenda kwa baba yake, akafagia chumba chake, akakaa kwenye kitanda chake, akarudi kwa mumewe. Bertila alimwacha kwa muda, kisha akaanza kumkumbusha.

"Dada, ule ukuta wa upande wa mlima umeanza kulala. Nataka niuvunje niujenge upya."

"Subiri tuvune, mdogo wangu."

"Tumeshavuna, dada."

"Basi tupite Krismasi. Baba hana haraka, Berti."

"Baba hana. Mimi ninayo."

Gaudensia alitazama kitanda cha baba yao. "Nikishagawa, hapa patakuwa kwako," alisema. "Kule ni kwa Meinradi. Niambie, mimi nikiulizwa kwetu ni wapi, nitaonesha wapi?"

Kwa kuwa alimpenda dada yake, Bertila hakumsukuma zaidi. Alimwendea Otmari, naye akakataa kuugusa ukuta. "Nikianza kujenga kabla ya makabidhiano, watasema nimejitwalia nyumba." Kwa hiyo ukuta ukabaki umeegemea heshima ya watu watatu, hakuna hata mmoja aliyekuwa mwizi.

Mvua zilizofuata, Gaudensia aliugua kichomi, akafariki ghafla.

Matanga yake yalipokwisha, Meinradi alikuja na mwanawe mkubwa. Walikaribishwa, wakapewa viti.

"Shemeji, sikuja kugombana," Meinradi alimwambia Otmari. "Lakini mahakamani jina lililoandikwa ni la mama wa watoto wangu. Cha mama ni cha watoto."

"Jina lile ni la mbebaji, shemeji. Si la mwenye mali."

"Kama alikuwa mbebaji tu, mbona hakuwakabidhi? Muda wote ule alingoja nini?"

Otmari alimtazama Bertila. Bertila alijua dada yake alikuwa akingoja nini, lakini neno lile alilisema chumbani kwa baba, na Bertila hakutaka kulitoa barazani. Akainamisha kichwa. Kijana wa Meinradi alikiona kimya kile, akakisoma anavyotaka.

Walipofika mahakamani, hakimu aliwaeleza bila kuficha kwamba usimamizi haurithiwi. Msimamizi akifa kabla ya kumaliza, ukoo unarudi mwanzo: kikao kingine, maombi mengine, tangazo lingine. Safari hii tangazo lilipobandikwa, yule kijana aliweka pingamizi. Shauri likasikilizwa, likaahirishwa, likaitwa tena. Na nyumba inayobishaniwa mahakamani hairekebishwi na mtu. Mvua zikarudi. Ukuta wa upande wa mlima ulianguka mchana mmoja Bertila akiwa kisimani, ukavuta paa, paa likaangusha kuta zilizobaki. Aliporudi na ndoo kichwani alisimama mbele ya lundo la udongo, akaitua ndoo polepole, maji yasimwagike.

Baadaye pingamizi lilitupwa na Otmari akateuliwa. Hakungoja. Juma lile lile aliwaita wazee, akaonesha mpaka wa mibuni, kipande cha Gaudensia akawapa wapwa zake, kisha akamwita Bertila mbele ya lundo lile, akampa ufunguo. Hapakuwa na mlango.

Mzee Kolumba, yule mtani, alikuwapo, amezeeka. Walimtazama wakingoja utani wake.

Bertila ndiye aliyesema. "Babu, siku ile ulituambia marehemu hana haraka. Ulisema kweli, na hatukukusikiliza. Kaka alipiga goti topeni, jeneza la baba halikugusa chini. Kumbe tulikuwa tumebeba nusu tu. Nusu nyingine dada aliitua, si kwa ubaya, alichoka kwa huzuni. Lakini mzigo wa marehemu hautuliwi njiani. Ukituliwa, anayebaki chini yake ni mtu aliye hai."

Bertila aliishi kwa Otmari, katika chumba cha nyuma, mpaka alipokufa. Ufunguo ule ulizikwa naye.

Yale mawe yaliyopangwa mstatili kule juu, mnapoanika kahawa, ni msingi wa nyumba ya Wendelini. Mnaniuliza kama shangazi yenu analijua hilo. Analijua. Bertila ndiye aliyemfundisha kutembea, katika chumba kile cha nyuma. Kwa hiyo kesho asubuhi mtamsindikiza mahakamani, na akisimama njiani kulia, simameni naye, mshikeni mkono, kisha mwendelee. Mzigo wa marehemu hautuliwi njiani.