Sumu ya Bwawani

Paukwa!

Pakawa!

Masikio yako wapi?

Yako hapa!

Basi yategeni, maana naanza na fumbo lililonishinda. Nani alikuwa wa kwanza kusema bwawa lina sumu? Nimeuliza sana, sijajibiwa.

Hapo zamani za kale, Hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa, alikuwa mpiga mbiu wa msitu. Kila asubuhi alipanda tawi la juu, ko-ko-ko! akatangaza habari. Mwaka huo jua lilikuwa kali, na bwawa lilikuwa moja tu.

Ngiri akamwambia, "Bwawa lina sumu!" Kanga naye vile vile. Tumbili naye vile vile. Hondohondo akawaza, wote hawa watakoseaje? Akatangaza. Wanyama wakashinda na kiu.

Jioni akampelekea mkewe tunda. Mkewe alikuwa akilalia mayai ndani ya shina la mti, mlango umezibwa kwa udongo kama ilivyo desturi ya hondohondo, umebaki ufa wa kupitisha mdomo tu.

"Baba Watoto, hiyo sumu umeiona?"

"Nimeambiwa na wengi."

"Na wao wameiona? Mimi humu ndani sina macho ila yako."

Maneno yale yakamkaa moyoni. Kulipokucha, puruu! kwa Ngiri.

"Nani alikwambia?"

"Kanga."

Puruu! kwa Kanga.

"Nilisikia kwa Tumbili."

Puruu! kwa Tumbili.

"Mimi? Aah, si Ngiri huyo!"

Kumbe habari ilikuwa inazunguka tu.

Akaruka hadi bwawani. Vyura wanacheza, chubwi! chubwi! Akanywa. Akangoja mpaka jua likafika utosini. Mzima.

Akarudi tawini. "Nilikosea! Maji ni salama!"

Tumbili akacheka. "Jana sumu, leo salama. Kesho utasema mwezi umeanguka?"

Hakuna aliyeondoka kwenda bwawani. Mama Digidigi alikuwa na mtoto amelala chini, ulimi umekauka.

"Mwanangu akinywa akafa, je?"

"Sikuombi uniamini, mama. Twende ukaone."

Wakaenda. Hondohondo akanywa mbele yake. Mama akaonja. Mtoto akanywa, akanywa, akasimama, miguu inatetemeka. Ndipo wengine wakaja, mmoja mmoja.

Wanyama wakaamua: mpiga mbiu aseme ameona au ameambiwa, na ni nani aliyemwambia. Akikosea, atangaze kosa kwenye tawi lile lile, kwa sauti ile ile.

Funzo ni hili: mleta habari huaminiwa kwa kuhakikisha kabla ya kusema, na kwa kukiri akikosea.

Aliyeanza kuutekeleza uamuzi ule ni Hondohondo mwenyewe. Alikwenda kwa mkewe, akainama.

"Mama Watoto, bwawa halina sumu. Hili nimeliona."

Na hadithi yangu imeishia hapo, penye ufa wa mti.