Kilele cha Nyuma ya Mkaratusi

Hapo zamani, wala si zamani ya majini na wafalme, zamani ya juzijuzi tu, chama cha wapanda milima cha Kwemvuko kiliamua kuwafanyia watu hisani. Kila mgeni aliyefika ukingoni mwa kilima chao aliuliza, "Ule mlima gani?" na kila mwenyeji akamjibu uongo wake. Wakasema: tusimamishe ubao, tuchore vilele vyote vinavyoonekana hapa, kila kimoja na jina lake.

Kazi akapewa Nakijwa, mchora mabango. Akachora, akachora, hata siku moja mwenzao Hoza akabanwa na mkojo. Akajificha nyuma ya mkaratusi wa Bi Namkunda. Mara yowe! Wakadhani nyoka. Wakamkuta suruali magotini, kidole hewani. Kule mbali kilichomoza kilele chembamba wasichowahi kukiona, maana mti ule ulikiziba.

"Wingu hilo," akasema Mbaruku, mwanachama mwingine.

"Wingu lina ncha?" akauliza Hoza, akijifunga mkanda.

Mbaruku akaenda kuhakikisha. Akakawia hata watu wakaanza kumpa mkewe pole. Akarudi anachechemea, meno ya mbele hana, anacheka. "Ni mlima! Nimesimama juu yake! Wanaokaa chini yake nimewauliza jina, wakanijibu, 'Unaitwa mlima, kwani wewe unauonaje?'"

Ukabaki mti. Ulipandwa na marehemu mume wa Bi Namkunda, na kila jioni bibi huyo aliuegemea akimsimulia mumewe habari za mji, hasa zile za aibu. Wanachama wakaenda kwake, wakanywa chai yake, wakasifu kuku wake, hakuna aliyethubutu kuomba mti ukatwe. Nakijwa ndiye aliyesema.

Bibi akamjibu, "Mwanangu, mume wangu hata alipokuwa hai alipenda kusimama mbele ya watu wasione kitu. Ukateni."

Lakini shoka lilipolia mara ya kwanza, akaingia ndani akajifungia. Nakijwa akasikia komeo likifungwa.

Asubuhi ya uzinduzi, ubao ulikuwa tayari isipokuwa jina moja. Chama kilikuwa kimeahidi kwamba kilele kitachukua jina la aliyewapatia watu kilele hicho. Nakijwa akachovya brashi, na ugomvi ukaanza.

"Andika Hoza," akasema Hoza. "Nisingebanwa, mngekuwa bado mnakodolea majani macho."

"Wewe ulikojoa tu!" akafoka Mbaruku, kila neno likitoka na upepo. "Ingekuwa wingu, tungechora wingu, tukachekwa mpaka Tanga. Meno yangu yako kule juu. Andika Mbaruku."

"Na nani angekiona toka hapa?" akauliza Bi Namkunda taratibu. "Mmoja alikiona peke yake, mwingine alikipanda peke yake. Watu wote wanakiona leo kwa sababu mimi sina tena pa kuegemea. Wala sitaki langu. Andika la mume wangu."

"Bibi, mumeo ndiye aliyekiziba!" wakapiga kelele wanaume wote wawili.

Nakijwa akacheka, kisha akaona aibu kwa kucheka. Wageni walikuwa wanapanda kilima wakiimba, rangi inadondoka kwenye kiatu chake.

Haya, nyie mlionisikiliza mkicheka: brashi hiyo hapo, shikeni. Jina la nani liandikwe?