Nguchiro na Rungu la Tajiri

Mihogo yangu mmeimaliza, sasa mnataka na ngano. Mgongo wangu mmeuuliza hali? Haya. Niufungue mdomo?

Ufungue.

Masikio yapo?

Yapo, mawili mawili.

Zamani, gari moshi lilipokuwa bado geni, Kiboko alikuwa na timu ya mpira wa rungu. Mmoja anatupa, mwingine anapiga. Mtupaji wake alikuwa Nguchiro, kinyama kembamba kama paka wa njaa. Hugeuka, huinama, huurusha mpira kati ya miguu ya nyuma, fyuu. Chui akapiga hewa. Nyani akapiga hewa. Kiboko akavuna sifa, na karanga za watazamaji akazila peke yake.

Nguchiro alitaka kurudi kichuguuni kwa wanawe. Misimu saba hajawaona.

"Tajiri, niachie niende."

"Utakwenda siku mpira wako utakapopigwa. Nimesema mbele ya watu wote."

Kesho yake Nguchiro akamtupia Nyani mpira mlegevu. Pwaa, ukavuka uwanja. Mwamuzi alikuwa Kobe, mla vya Kiboko. Akasema, "Nje. Hauhesabiwi." Akamtupia Nyumbu. Pwaa. "Nje. Hauhesabiwi." Akamtupia Chui. Pwaa. "Nje. Hauhesabiwi."

Nguchiro akajiuliza: huyu Kobe anamwogopa nani? Akamwendea Kiboko, sauti ya asali.

"Tajiri, watu wana maneno. Eti timu ni yako, rungu hulijui."

"Nani kasema?"

"Mimi nimewakatalia. Nimewaambia, wewe ungenipiga mchana kweupe."

Kiboko akanyakua rungu, akaingia uwanjani. Nguchiro akageuka, akainama, akatupa mlegevu kuliko yote. Pwaa.

Kobe akafumbua kinywa aseme nje. Akakutana na jicho la tajiri. Akasema, "Ndani. Unahesabiwa."

Nguchiro akauliza polepole, "Tajiri, nimepigwa? Au Kobe kakosea?"

Kiboko akawasikia watu wanaliimba jina lake. "Umepigwa," akasema, kifua mbele.

Nguchiro hakungoja hata kuaga.

Ngano nimeifunga, fundo mtafungua wenyewe. Funzo lake: mtiini tajiri wenu na kumsifu. Nguchiro alimsifu mara moja tu, mkaona alivyopata likizo.

Kiboko je? Kila mechi watu walidai, "Bingwa apige." Na watupaji wa timu nyingine hawakuwa wake. Pu, ubavuni. Pu, puani. Msimu ulipokwisha alikuwa amelipa meno manne ya mbele.