Gita la Mzee Mwandoe na Makintoshi Iliyochemka

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, ni hii ambayo wengine wenu mlikuwa mmeshazaliwa na mmeshaanza kunisumbua, palikuwa na studio ya muziki mjini Voi. Sogeeni. Wewe hapo, weka simu chini. Hadithi hii inaudhi yenyewe, sihitaji msaada wa mtu kuudhika.

Studio ilikuwa chumba kimoja cha mabati, na jua la Voi mnalijua. Ukutani kwa upande mmoja palikuwa na jirani mwenye kinu cha kusaga unga. Mwenye studio aliitwa Righa, mtu mzima, mkaidi kama msumari wenye kutu. Ndani alikuwa na Makintoshi ya zamani, ile mashine nzito ya kuwekwa chini ya meza, aliyoinunua enzi ambazo kompyuta ilikuwa ajabu. Kila mtu alimwambia, "Mzee Righa, hilo dude litupe." Mkewe alimwambia. Wateja walimwambia. Naye akajibu neno lile lile: "Halitoki hapa."

Sasa, ndani ya Makintoshi ile mlikuwa na gita la Mzee Mwandoe. Mwandoe alikuwa mpiga gita aliyesifika kote Taita. Alikuja siku moja na mkewe, Bi Wakesho, kurekodi wimbo waliokuwa wakiuimba wawili tangu uchumba wao. Alipiga gita lake lote, mwanzo hadi mwisho. Mkewe alikuwa na mafua siku hiyo, wakasema ataimba juma lijalo. Juma lijalo Mwandoe akaugua, na hakuinuka tena. Gita likabaki mle ndani, peke yake, likingoja sauti.

Miaka ikapita. Bi Wakesho hakutaka hata kupita mtaa ule. Kisha akapata uvimbe kooni. Daktari akamwambia, "Mama, tutautoa. Uhai utabaki. Sauti, sikuahidi."

Bi Wakesho hakulia. Alifunga kitambaa, akaenda moja kwa moja kwa Righa. Akasema, "Baba, lile gita la mume wangu lipo?"

"Lipo, Mama."

"Basi nataka kuimba juu yake kabla sijakatwa."

Righa akawasha. Makintoshi ikawaka. Makintoshi ikacheza. Gita likatoka, tini, tini, tini, Bi Wakesho akashika mdomo. Halafu Makintoshi ikakwama. Ikarudia sauti moja kama mtu mwenye kigugumizi, ikazima.

Wakaijaribu tena. Ikawaka, ikacheza, ikakwama pale pale, ikazima. Na wimbo ule haukufunguka kwenye kompyuta nyingine yoyote, kwa sababu programu iliyoutengeneza ilishakufa zamani. Mashine mpya hazikuijua kabisa.

Ndipo akaitwa Shako. Shako alikuwa fundi wa kompyuta, kijana mwenye mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Akaifungua Makintoshi, akatoa vumbi la kutosha kupanda maharagwe. Akasema, "Mashine si mbovu, imechoka. Prosesa yake, yaani ubongo wake, ni ya kizamani, kumbukumbu ni ndogo. Ninayo prosesa ya kasi inayoingia humu. Lakini itatoa joto, na feni hii haitaliweza. Feni kubwa lazima iagizwe Nairobi."

Righa akauliza, "Itafika lini?"

"Ikifika, imefika."

"Mama anakwenda hospitali Ijumaa!"

"Basi niiweke hivi hivi," akasema Shako, "mtaipoza mnavyojua."

Akaiweka. Akaongeza na kumbukumbu. Makintoshi ikawaka. Makintoshi ikacheza. Gita la Mzee Mwandoe likatoka lote, mwanzo hadi mwisho, bila kukwama. Watu wakapiga makofi. Shako akainama kama mcheza ngoma aliyetuzwa.

Lakini feni! Ile feni ndogo ilipohisi joto la prosesa mpya ilianza kunguruma kama pikipiki inayopanda Mlima Sagala. Na hapo ndipo anapoingia Mkamburi, binti aliyekuwa akirekodi sauti pale studio, mwenye sikio la kusikia chungu akitembea. Akavaa hedifoni, akazivua hapo hapo.

"Mzee, hii si studio, hii ni gereji. Sauti ya Mama itasikika kama anaimba juu ya lori."

Kisha akatoa shauri. Sikilizeni shauri hilo vizuri, maana baadaye mtalihitaji. Alisema, "Sasa gita linacheza lote. Tulipitishe kwa waya kwenye kompyuta yangu mpya, lirekodiwe huko, tuizime hii, Mama aimbie kwenye yangu."

Righa akasimama. "Gita la Mwandoe lilianzia humu. Litamalizikia humu. Nimeitunza mashine hii mkinicheka miaka yote, leo imepata kazi yake mnataka kuizima?"

"Mzee, ni waya mmoja tu."

"Nimesema."

Nani angebishana naye? Studio yake, mashine yake, ukaidi wake.

Ijumaa Bi Wakesho akaja mchana, amevaa vizuri, bintiye akimngoja nje na gari la kumpeleka hospitali. Hapo mateso yakaanza. Wakaweka feni ya meza ielekee Makintoshi. Upepo ukaingia kwenye maikrofoni, huu, huu, huu. Wakaiondoa. Wakatandika magunia yaliyoloweshwa. Chumba kikawa kama bafu. Shako akakimbia kwa muuza samaki wa Ziwa Jipe, akarudi na beseni la barafu, akalisukuma chini ya meza. Makintoshi ikatulia kidogo. Lakini barafu ilinuka samaki, na ikaanza kuyeyuka ikidondoka, ti, ti, ti, na Mkamburi akasikia kila tone. "Toeni hilo beseni!" Likatolewa. Wakafungua mlango hewa iingie. Kikaingia kinu cha jirani, guu, guu, guu. Righa akaufunga mlango kwa komeo. "Hakuna kufungua tena!"

Kila mara Bi Wakesho alianza, na kila mara kitu kikamkatiza. Alianza, upepo. Alianza, tone. Alianza, kinu. Koo lenyewe lilikuwa linauma. Mwishoni akasema kwa sauti ya chini, "Wanangu, nimebakiwa na mara moja tu."

Mkamburi akamtazama yule mama. Akainama chini ya meza, akachomoa waya wa feni ya Makintoshi.

Shako akaruka. "Unafanya nini? Itaungua!"

"Wimbo ni mfupi. Itavumilia."

Kukawa kimya. Makintoshi ikacheza. Gita likatoka, na Bi Wakesho akaimba. Siwezi kuwaelezea jinsi alivyoimba. Niseme tu kwamba Shako, aliyekuwa amefungua mdomo kugomba, alisahau kuufunga. Pale gita lilipopumzika, mama aliingia; pale mama alipovuta pumzi, gita liliingia. Ungeapa kwamba wamekaa mkeka mmoja. Wimbo ukaisha.

Bi Wakesho akavua hedifoni. "Mimi na Mwandoe tumemaliza," akasema. "Nikizinduka, mniletee nisikie."

Akasimama, akayumba. Basi wote watatu wakamshika, huyu mkono, huyu mkoba, huyu akifungua komeo, wakamsindikiza mpaka garini. Mama kama yule utamwacha atoke peke yake? Wakapunga mkono mpaka gari likapotea.

Wakarudi ndani. Kioo cha Makintoshi kilikuwa cheusi.

Programu ile ya kizamani, ndugu zangu, huushika wimbo kichwani tu, mpaka uiamuru iuhifadhi. Shako akauliza taratibu, "Mkamburi, ulisevu?"

Mkamburi akakaa chini, sakafuni, pale pale.

Wangepiga simu saa ile ile, gari lisingekuwa mbali. Bi Wakesho angegeuzwa njiani, pengine angejaribu tena. Lakini walifanya nini? Waligombana! "Piga wewe." "Nipige mimi nimeharibu nini?" "Prosesa ni yako." "Feni uliichomoa wewe." "Mlango nani aliufunga?" Righa akapiga meza, Shako akapiga kelele, Mkamburi akalia. Walipomaliza kugombana na kupiga, simu ya bintiye Bi Wakesho ilikuwa imezimwa. Wakapiga tena, imezimwa. Mama alikuwa ameshalazwa.

Makintoshi ilipopoa, Shako akaiwasha. Ikawaka. Ikacheza. Gita la Mzee Mwandoe lilikuwamo lote, salama, mwanzo hadi mwisho. Sauti ya mama haikuwamo, hata pumzi yake moja.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Uvimbe ulitoka, uhai ukabaki. Daktari akamwambia binti kwamba mama atazungumza baada ya muda, lakini kuimba, hapana.

Wale watatu wakaenda hospitali pamoja. Mlangoni mwa wodi nesi akawazuia. "Mgonjwa hajaruhusiwa kusema neno, na msongamano hauruhusiwi. Aingie mmoja tu. Nyinyi ndio watu wa wimbo aliowataja binti yake? Tangu azinduke anagusa sikio lake na kuutazama mlango."

Wakatazamana.

Righa akasema, "Shako, ingia wewe. Ulijua joto litazidi na ukaweka prosesa bila feni yake. Mimi nimelitunza gita la mumewe wakati dunia nzima inaniambia nilitupe. Bila mimi, mama asingekuwa na cha kuimbia."

Shako akasema, "Mimi? Bila prosesa yangu gita lisingevuka katikati. Nami nilionya, tena mbele yenu wote! Aliyechomoa feni aingie, na aliyeondoka bila kusevu aingie, na wote wawili ni Mkamburi."

Mkamburi akafuta macho. "Nilichomoa feni kwa sababu mama alikuwa amebakiwa na mara moja, na bila hivyo tungekuwa na ngurumo tu. Niliacha kusevu kwa sababu mama alikuwa anaanguka. Lakini nilisema mapema tulipitishe gita kwangu. Waya mmoja! Ukaidi wa Mzee Righa ndio ulioukataa. Mwenye ukaidi aingie."

"Ukaidi huo ndio ulioliokoa gita!"

"Na ndio ulioua sauti!"

"Shhh!" akasema nesi. "Hapa kuna wagonjwa. Mimi nina kazi. Nani anaingia?"

Hakuna aliyeinua mguu. Nyuma ya mlango kitanda kililia, kwa maana mama alikuwa amesikia sauti zao na alikuwa anajiinua kukaa, kitambaa amekivuta nyuma ya masikio, tayari kusikiliza.

Basi, nyinyi mliotulia hapo mkitikisa vichwa kana kwamba nyinyi mngefanya vizuri zaidi, nijibuni. Msiniambie waingie wote, nesi amesema mmoja. Msiniambie aende binti, kwa kuwa binti hakuagizwa kitu. Aliyelitunza gita na kukataa waya, aliyeifufua mashine na kuiletea joto, au aliyenyamazisha feni ili mama asikike: je, ni nani aliyestahili kuufungua mlango ule na kumwambia Bi Wakesho?