Foleni ya Wenye Masikio Mazima

Chumba cha kupimia masikio kilikuwa ghorofa ya pili ya hospitali, mwisho kabisa wa ukumbi, baada ya ofisi ya mafaili na kabla ya choo cha wafanyakazi. Mtu aliyekitafuta alikipita mara mbili kabla ya kukiona. Ndani mlikuwa na meza, viti viwili, kabati la vifaa vidogo kama punje za maharagwe, na kijumba cha kioo kinene ambamo mgonjwa aliketi na kubonyeza kitufe kila aliposikia mlio. Juu ya meza, kando ya mashine ya kupimia, palikuwa na kinanda kidogo cha umeme ambacho hakikuandikwa popote katika orodha ya mali ya hospitali.

Kinanda hicho kilikuwa cha mpimaji mwenyewe, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mtulivu kama maji ya mtungini. Akishamvalisha mgonjwa kifaa cha kusikia, hakuridhika na namba za mashine peke yake. Alipiga kinanda polepole, kuanzia sauti nzito kama ngurumo ya mbali hadi sauti nyembamba kama mluzi wa birika, huku akimtazama mgonjwa usoni. Sauti ikimpotea mgonjwa, uso ulisema. Hapo alirekebisha kifaa, akapiga tena, akarekebisha tena, mpaka ule uso ukatulia. Kazi ambayo wengine huimaliza kwa robo saa, yeye aliifanya kwa saa nzima.

Hakuna mtu hospitalini aliyejua kwamba mikono ile iliwahi kujaza kumbi. Miaka ishirini na mitano nyuma alikuwa mmoja wa watu watatu wa bendi iliyopiga muziki wa vinanda vya umeme na mashine za ngoma, bila gitaa wala tarumbeta. Mashabiki walimbandika jina la Vidole. Sura yake hawakuijua sana, maana jukwaani wote watatu walivaa kofia na miwani mikubwa myeusi. Mikono yake, hata hivyo, waliijua kama ya ndugu yao, kwani ndiyo iliyopigwa picha kwenye jalada la kanda yao ya kwanza.

Bendi ilipopata jina, jina likamlevya kiongozi wao. Akaamua kwamba kupiga moja kwa moja ni kujitesa bure. Muziki urekodiwe mapema, wao wasimame nyuma ya vinanda visivyochomekwa umeme na kutikisa mabega.

"Watu wanakuja kutuona," alisema kiongozi. "Hawaji kukagua nyaya."

"Wanakuja kusikia," Vidole alijibu. "Mtu ametoka kwake, amepanda gari mbili, halafu mimi nimwigizie? Siwezi."

Aliondoka bila ugomvi na bila kutangaza. Kiongozi akaajiri kijana mwenye mabega mepesi, akachapisha mabango makubwa kuliko ya kwanza, akakodi magari ya vipaza sauti yazunguke mitaani mchana kutwa. Kadiri mabango yalivyonenepa, ndivyo kumbi zilivyokonda. Mwaka wa tatu bendi ikazimika kama kibatari kilichokaukiwa mafuta. Vidole alikuwa amekwisha kurudi chuoni kusomea upimaji wa masikio. Akaolewa na mwalimu wa udereva, wakalea watoto wawili, na maisha yakamkalia vizuri kama kiatu kilichozoea mguu.

Shida ilianza pale mkurugenzi wa hospitali, mama wa mwendo wa haraka na maneno machache, alipoingia chumbani mwake asubuhi moja akabaki amesimama.

"Jana umeona wagonjwa wangapi?"

"Wawili."

"Na juzi?"

"Mmoja. Naye alikuwa amepotea, anatafuta chumba cha meno."

Mkurugenzi hakucheka. "Dada, kazi yako naiheshimu. Lakini chumba kizima kwa watu wawili siwezi kukitetea mbele ya bodi. Hali ikiwa hivi mpaka mwisho wa mwezi wa sita, hapa patakuwa stoo ya mafaili, na wewe utahamia mapokezi. Tutundike bango, tulete gari la matangazo. Huna kitu chochote cha kuvutia watu?"

Vidole alikitupia kinanda jicho. "Sina, mama," akasema.

Tatizo alilijua fika. Mtu akipungukiwa macho huvaa miwani akaonekana msomi. Akipungukiwa masikio hujificha. Wengi walikuwa radhi kuitikia "ndiyo, ndiyo" maisha yao yote kuliko kupanda ngazi zile.

Nyumbani alimweleza mumewe walipokuwa wakipanguza gari la kufundishia.

"Si uwaambie wewe ni nani?" mumewe akauliza. "Jina lako tu litajaza ngazi mpaka barabarani."

"Jina lile nililiacha lilipoanza kutembea bila kazi. Nikilibandika ukutani leo, nitakuwa nimefanya kile kile nilichokikimbia."

Mumewe alikamua kitambaa. "Basi nitakuwa mume wa karani wa mapokezi mwenye vidole vizuri kuliko makarani wote."

Vidole alicheka, ingawa moyoni hakuwa na raha. Kazi ile aliipenda, na miezi mitatu si mingi.

Wiki mbili baadaye alikuja fundi wa kuchomelea vyuma, mwanamume mnene wa makamo, mwenye shati lililotobolewatobolewa na cheche. Alikuwa amesukumwa na binti yake, msichana mkubwa aliyechoka kupiga kelele.

"Baba anajibu maswali ambayo hatujamuuliza," binti alisema. "Jana nimemwambia maji yamekatika, akasema, nisalimie sana."

"Mimi nasikia," fundi alijitetea. "Watu wa siku hizi ndio wanaosemea ndani ya mashavu."

Vidole alimwingiza katika kijumba cha kioo. Sauti nzito alizisikia zote. Sauti nyembamba hazikuwepo tena kwake, zilikuwa zimeliwa na miaka ya nyundo na mashine za kusagia chuma. Akamchagulia vifaa viwili, akamvalisha, akaviwasha. Fundi akaruka kidogo. Bangili za binti yake zilikuwa zinalia.

"Zinalia hivyo kila siku?"

"Kila siku, baba."

Ndipo Vidole akavuta kinanda. Alipanda polepole, sauti baada ya sauti, macho yake usoni pa fundi. Alipofika kileleni aligusa kitufe cha mwisho mara mbili, mara ya pili kwa wepesi, kama mtu aliyefunga mlango akarudi kuusukuma kidogo ili asimwamshe mtoto.

Fundi aliinua kidole. "Rudia hapo mwisho," akasema.

Akarudia. Fundi akaacha kutazama ukuta, akatazama mikono.

"Dada, nisamehe kama nakosea. Wewe ni Vidole. Nyimbo zote ulizimaliza hivyo."

Mpimaji alijifanya kunyoosha waya. "Nilikuwa," akasema.

"Hakuna cha nilikuwa. Mkono haustaafu."

Machozi yakamtoka fundi bila haya, akayafuta kwa mkono wa shati lake lenye matundu. Akamsimulia jinsi kanda ile ya kwanza alivyoinunua mara tatu, kwa kuwa ilikuwa ikikatika kwa kuchezwa. Alikwenda pia kwenye onyesho la kwanza baada ya Vidole kuondoka. Yule kijana mpya aligeuka kuwapungia wanawake kwa mikono yote miwili, na kinanda kikaendelea kulia peke yake.

"Nikatoka nje," fundi alisema. "Hasira sikuwa nayo, nilikuwa na huzuni tu. Nikajisemea, kama si yeye, basi simtaki wa kumwigiza. Miaka yote hii nauliza, yule dada alikwenda wapi? Kumbe uko huku unafungua watu masikio."

Binti alikuwa ametoa macho. Hakuwa amewahi kumwona baba yake akilia, wala kusema maneno mengi hivyo kwa mpigo.

"Nisitiri," Vidole akamwomba. "Usinitangaze."

"Sitangazi," fundi akaapa. "Nitawaambia wawili tu."

Naye aliishika ahadi yake. Aliwaambia wawili. Ila wale wawili hawakuwa wamemwahidi mtu kitu chochote.

Jumatatu iliyofuata viti vyote vya ukumbini vilikuwa vimejaa, na wengine walikuwa wameegemea kuta. Palikuwa na mwalimu wa hesabu, mshonaji wa sare za shule, vinyozi wawili ndugu, kondakta mstaafu na wengine wa rika lao, vichwa vimeanza mvi, nguo zimepigwa pasi kama za harusi. Kila mmoja alipoulizwa na nesi alishika sikio moja na kusema halisikii vizuri. Mmoja alisahau akabadilisha sikio katikati ya maelezo.

Nesi aliingia chumbani akafunga mlango. "Mama, wale watu si wagonjwa. Nimenong'ona tu kwamba chai iko tayari, nusu yao wameinuka."

Vidole alielewa mara moja. Furaha ilimpanda, na hofu ikaipanda mgongoni. Kama mkurugenzi angesikia kwamba viti vinajazwa na watu wasio wagonjwa wanaokuja kutazama mikono, angesema amehadaiwa, na angekuwa na haki. Akainuka, akatoka ukumbini. Watu wakakaa wima kama darasa lililomwona mwalimu mkuu.

"Najua kilichowaleta," alisema. "Ahsanteni, nasema kwa moyo wote. Sikujua kama mnanikumbuka. Lakini hapa hakuna onyesho. Atakayeingia kwangu atapimwa, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ninayoijua. Asiyetaka kupimwa ampishe mgonjwa."

Walitazamana kama watoto waliokutwa na sukari mdomoni. Hakuna aliyeondoka. Mwalimu wa hesabu akainua mkono. "Tupime tu, dada. Tumekuja wenyewe."

Akawapima. Aliwapima siku ile na siku zilizofuata, kila mmoja kwa saa yake nzima, bila haraka na bila upendeleo. Na hapo ndipo jambo ambalo hakuna aliyelitarajia lilipojitokeza. Wengi wa wale waliojifanya wagonjwa walikuwa wagonjwa kweli. Ujana wao waliupitisha wamesimama mbele ya spika zenye ukubwa wa kabati, na wengine waliongeza juu yake kelele za karakana na injini. Mwalimu wa hesabu alikuwa amejisifu miaka mitano mizima kwamba wanafunzi wa siku hizi wametulia darasani. Kumbe darasa lilikuwa soko, ila yeye ndiye hakulisikia. Mshonaji alidhani cherehani yake mpya ni ya kimyakimya. Kondakta hakuwa amesikia ndege kwa muda mrefu kiasi kwamba alikwisha kusahau kuwa walikuwepo.

Waliovalishwa vifaa walirudi nyumbani wakiwa watu wengine. Mke wa kinyozi mkubwa alikuja kuuliza wamemfanya nini mumewe, maana sasa anajibu akiulizwa. Akamleta mama yake. Mama akamleta jirani. Jirani akawaleta wajukuu wawili waliokuwa wakipigwa shuleni kwa kutosikiliza, kumbe walikuwa hawasikii. Hao wote hawakuwahi kusikia habari za bendi yoyote. Waliambiwa tu kwamba ghorofa ya pili, mwisho wa ukumbi, yuko mama anayepima kwa subira.

Mwishoni mwa mwezi wa sita mkurugenzi alipanda ngazi, karatasi ya kukifunga chumba ikiwa mkononi. Ilimbidi apenye katikati ya miguu ya watu. Akasimama mbele ya bibi kizee mmoja.

"Bibi, umesikia wapi habari za hapa? Redioni?"

"Redio ningeisikia, ningekuja kufanya nini?" bibi akajibu. "Jirani yangu sasa anasikia mvua juu ya bati. Na mimi naitaka."

Mkurugenzi aliingia chumbani, safari hii akaketi. Nesi alikuwa amekwisha kumweleza yote.

"Kwa nini hukuniambia wewe ni nani?"

"Uliniuliza kama nina kitu cha kuvutia watu, mama. Mimi nilikuwa na kazi tu."

Mkurugenzi aliikunja ile karatasi mara mbili, akaitia mfukoni. "Mafaili nitayatafutia pa kwenda," alisema. "Na chumba cha pili kitafunguliwa hapo pembeni. Utamfundisha mpimaji mwenzako hiyo subira yako."

Jumamosi iliyofuata asubuhi, mashabiki walimtuma fundi. Hawakutaka onyesho, alisema, wala hawakutaka kumrudisha alikokwisha kutoka. Waliomba wimbo mmoja tu, hata nusu. Vidole aliwatazama kupitia mlango: watu thelathini hivi, wamekaa kimya, vifaa vidogo vikimetameta nyuma ya masikio yao. Akakichukua kinanda, akakiweka juu ya kiti cha ukumbini, akapiga wimbo wa kwanza wa kanda ile ya kwanza, kwa sauti ya chini, kila kitufe mahali pake.

Katikati ya wimbo uso wa mwalimu wa hesabu ukabadilika. Alisubiri mpaka mwisho ndipo akauliza.

"Kuna kengele ndogo humo ndani, chini ya ile sauti kubwa. Umeiongeza leo?"

"Ilikuwepo tangu siku ya kwanza," Vidole alisema. "Ila nyinyi mlikuwa mnapiga kelele."

Walicheka wote, na walipomaliza kucheka wakamwomba arudie, safari hii waisikilize kengele. Akarudia. Mumewe, aliyekuja kumchukua, alisimama ngazini akisubiri, wala hakuwa na haraka. Hospitalini pale hakuna bango lililowahi kutundikwa, wala gari lililopita likitangaza, na mpaka leo asubuhi na mapema viti vya ghorofa ya pili huwa vimekwisha kujaa. Waliosema hawakukosea: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.